Miwani ya VR ya boksi: anza na lenzi, kadibodi itafuata

Miwani yangu ya kwanza ya VR, ile inayokufanya uone kama umo ndani ya picha, niliitengeneza kwa kufuata mchoro wa kuchapisha. Nilipeleka faili stesheneri, nikarudi na karatasi, nikaibandika kwenye boksi la viatu, nikakata kwa wembe jioni nzima. Mpwa wangu akaivaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, naona mbilimbili." Nikadhani ananitania. Nikavaa mwenyewe: kweli, mbilimbili, tena na ukungu juu yake. Nilipoweka rula juu ya ile karatasi ndipo nikaelewa. Printa ilikuwa imepunguza mchoro ili utoshe kwenye A4, na mstari ulioandikwa sentimita 10 ulikuwa na 9.4. Na hata kama ungetoka sawasawa, lenzi nilizonunua hazikuwa zile ambazo mchoro ule ulichorewa.

Tangu siku hiyo sianzi na mchoro. Naanza na lenzi niliyoipata, naipima, kisha boksi nalikata kufuata kipimo chake. Ukifanya hivyo, hata boksi la tambi linatosha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha mwaka 1838 kwamba ukilipatia kila jicho picha yake, ubongo unaziunganisha na kuona kina. Mwaka 2014 wahandisi wawili wa Google waliokuwa Paris, David Coz na Damien Henry, walichukua kadibodi, lenzi mbili na sumaku, wakaweka simu nyuma yake, na hiyo ndiyo ikawa Google Cardboard. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times liliwatumia wasomaji wake miwani hiyo zaidi ya milioni moja. Google iliacha kuiuza mwaka 2021, lakini miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imeachia msimbo wake wa programu wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo duka limefungwa, ila mlango wa jikoni uko wazi.

Kwanza simu, kabla ya mkasi

Simu inajua umegeuza kichwa kwa kutumia kihisio kinachoitwa jairoskopu. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na muuzaji hakwambii kwa sababu hakuna anayemuuliza. Kujua ni rahisi: fungua video ya nyuzi 360 kwenye YouTube, ishike simu mbele ya uso, kisha zunguka taratibu. Picha ikizunguka nawe, kihisio kipo. Ikibaki imeganda mpaka uisukume kwa kidole, hakipo. Usikate tamaa. Kuna matumizi mazuri ya miwani hii yasiyohitaji jairoskopu, nayo nitayafikia, tena kwangu ndiyo matamu zaidi.

Angalia pia ubora wa skrini. Simu yenye nukta 1600 kwa 720 ikigawanywa mara mbili, kila jicho linapata 800 kwa 720, na lenzi inazikuza nukta hizo mpaka unaziona kama unatazama kupitia wavu wa mbu wa dirishani. Yenye 2400 kwa 1080 ni nafuu zaidi. Zote mbili zinafanya kazi, mradi usitegemee kusoma maandishi madogo.

Lenzi: hapa ndipo pa kutumia muda

Unahitaji lenzi mbili mbinuko, yaani zilizotuna katikati, zinazofanana kabisa. Cardboard ya kwanza ilitumia lenzi zenye kipenyo cha milimita 25 na umbali wa fokasi, yaani kutoka lenzi hadi mahali inapokusanya mwanga, wa milimita 45. Toleo la 2015 lilikwenda kwenye kipenyo cha 37. Maduka ya mtandaoni huuza jozi za aina hizi. Njia nyingine ni kununua miwani ya VR ya plastiki iliyovunjika na kung'oa lenzi zake, au kutafuta lenzi za kukuzia zinazouzwa kama vifaa vya shule na vya kuchezea watoto.

Usiamini kilichoandikwa kwenye pakiti. Pima. Simama kwenye chumba chenye dirisha moja, karibu na ukuta unaolitazama hilo dirisha. Shika lenzi mbele ya ukuta, isogeze mbele na nyuma. Itafika mahali mti ulio nje, kwangu ni mwembe wa jirani, unajichora ukutani mdogo kama kucha, rangi zote zipo, miguu juu kichwa chini. Picha ikikaa kali kabisa, pima kwa rula kutoka katikati ya lenzi hadi ukutani. Huo ndio umbali wa fokasi. Kitu unachokitumia kiwe mbali, zaidi ya mita tano. Ukitumia taa ya chumba hicho hicho utapata namba kubwa kuliko ya kweli. Rudia mara tatu kwa kila lenzi.

Kati ya milimita 40 na 50 uko pazuri. Lenzi nyingi za kukuzia za dukani zitakupa 90, 100 au zaidi, na miwani itakayotoka humo itakuwa ndefu kama boksi la maziwa, picha ikionekana kama televisheni iliyo chumba cha pili. Dawa yake ipo: bandika lenzi mbili pamoja. Nguvu za lenzi hujumlishwa, kwa hiyo mbili za milimita 90 zikigusana zinafanya kazi kama moja ya 45. Badala ya lenzi mbili unanunua nne, na bado hujaumia mfukoni.

Utakutana na watu wanaofundisha kukata lenzi kwenye mabega ya chupa ya maji, kuijaza maji na kuziba kwa gundi. Nimejaribu. Inakuza, ni kweli, lakini inapinda kila kitu pembeni, na siku ya tatu ilivuja juu ya simu.

Pima pia macho yako

Simama mbele ya kioo, weka rula kwenye paji la uso juu kidogo ya nyusi. Funga jicho la kulia, weka sifuri sambamba na mboni ya kushoto. Bila kutikisa kichwa, funga la kushoto, fungua la kulia, soma namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Huo ndio umbali kati ya macho yako. Watu wazima wengi wako karibu na milimita 63. Mimi nina 61. Miwani ya familia nzima iwekee 63. Ya mtoto itahitaji chini ya hapo.

Kukata

Vipimo hivi ni vya simu ya inchi 6.5, ambayo kwa kawaida ina urefu wa milimita 165 hivi na upana wa 76. Kadibodi iwe ile yenye mawimbi ndani, unene wa milimita 3. Utahitaji rula ya chuma, kisu cha karatasi au wembe mpya, gundi nyeupe ya mbao, selotepu nyeusi, rababendi mbili na njiti nne za kiberiti.

Mwili wa miwani ni bomba la pembe nne. Kata ukanda mmoja wenye urefu wa milimita 440. Upana wake ni umbali wa fokasi ukijumlisha 20. Kwa lenzi ya 45, basi ni 65. Mistari ya mawimbi iende sambamba na mikunjo, la sivyo kadibodi itavunjika vibaya. Chora mikunjo kwenye 140, 210, 350 na 420. Pitisha ncha ya kalamu iliyokauka wino juu ya kila mstari, ukiikandamiza kwa rula, kisha kunja. Kipande cha mwisho cha milimita 20 ndicho cha gundi. Ukifunga unapata bomba lenye upana wa 140 na kimo cha 70.

Kimo hicho nimekifanya kidogo kuliko upana wa simu kwa makusudi. Simu inalala juu ya kingo za nyuma za bomba, haitumbukii ndani. Kingo hizo zifunike na selotepu ili zisikwaruze skrini.

Sasa ubao wa lenzi. Pima ndani ya bomba kwa rula, usikisie, kwa kuwa unene wa kadibodi umekula milimita kadhaa kila upande. Kata vipande vitatu vinavyoingia kwa kubana kidogo. Kwenye kila kimoja chora mstari wa katikati, kisha weka alama mbili, kila moja umbali wa nusu ya kipimo cha macho kutoka mstari huo: kwa 63, ni 31.5 kushoto na 31.5 kulia. Kipande cha kati toboa matundu yenye kipenyo sawa na lenzi. Vile viwili vya nje toboa madogo kwa milimita 3. Lenzi inakaa kwenye kipande cha kati, vya nje vinaizuia isitoke, na gundi haigusi kioo kabisa. Kama umebandika lenzi mbilimbili, ongeza vipande vya kati mpaka unene utoshe.

Matundu ndiyo kazi inayowashinda wengi. Usizungushe wembe kwa mkupuo mmoja. Chora duara kwa kufuata lenzi yenyewe, choma vishimo kwa pini kuzunguka mstari mzima, kisha kata kutoka kishimo hadi kishimo. Kingo zikibaki na manyoya, sugua kwa karatasi ya msasa au hata saruji ya ukutani.

Upande wa uso, kata ukingo wa juu uwe na upinde usiozidi milimita 15 katikati kwa ajili ya paji la uso. Chini, katikati, kata nafasi ya pua: upana 35, kina 25, na kwenye ubao wa lenzi toa pembetatu ndogo hapo hapo. Pua hutofautiana, kwa hiyo kata kidogo, jaribu, kata tena.

Kutafuta fokasi: kazi ya milimita

Ingiza ubao wa lenzi ndani ya bomba bila gundi. Uweke mahali ambapo katikati ya lenzi pako pungufu ya umbali wa fokasi kwa milimita 2 kutoka ukingo wa nyuma. Kwa lenzi ya 45, ni 43. Weka simu nyuma, fungua picha yoyote yenye maandishi, kisha chungulia.

Kwa nini upungufu huo? Skrini ikiwa kwenye 43, jicho linaiona kama iko karibu mita moja mbele. Sogeza lenzi hadi 44, inaonekana iko mita mbili. Irudishe 42, inakuja sentimita 63, na macho yanaanza kufanya kazi kama unasoma kitabu. Milimita moja inabeba yote hayo, ndiyo maana mchoro uliopungua kidogo tu kwenye printa uliniharibia jioni. Toa pia kava la simu. Lina unene wake na linazuia joto kutoka.

Anayevaa miwani ya kutazamia mbali anaweza kuivua. Mtu wa namba −2, kwa mfano, anasogeza lenzi hadi karibu 41 na anaona sawasawa. Ndiyo faida ya ubao unaoteleza, na ukiwa na familia ya macho tofauti usiugundishe kabisa. Ubane tu kwa selotepu pande mbili.

Ukipata mahali pake, chora alama ndani ya bomba. Hapo ndipo unakata ukuta wa kati, ule unaotenganisha macho: kutoka mgongo wa ubao wa lenzi hadi kwenye skrini, kimo cha ndani ya bomba. Upake wino mweusi au uufunike na selotepu nyeusi, pamoja na kuta nyingine za ndani. Kadibodi ya kahawia inaakisi mwanga na kukuharibia giza.

Simu inashikiliwa na rababendi mbili. Toboa tundu dogo juu na jingine chini ya bomba, pande zote mbili, karibu na ukingo wa nyuma. Pitisha kichwa cha rababendi ndani ya tundu la juu, kichomeke njiti ya kiberiti kisitoke, ivute juu ya mgongo wa simu, fanya vivyo hivyo chini. Kabla ya kutoboa angalia vitufe vya simu viko wapi. Rababendi yangu ya kwanza ilikaa juu ya kitufe cha sauti, video ikawa inapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kuhusu kitufe cha kubonyezea: Cardboard ya kwanza ilitumia sumaku iliyohisiwa na dira ya ndani ya simu, ya pili kiwiko kilichogusa skrini. Mimi nakata pengo la milimita 20 kwenye ukuta wa juu, upande wa kulia, nyuma kabisa, naingiza kidole cha shahada na kugusa skrini. Si jambo la kujivunia mbele ya wahandisi, lakini halijawahi kuharibika.

Bado mbilimbili?

Kama fokasi iko sawa na bado unaona vitu viwili, tatizo ni simu kubwa. Cardboard ya pili ilikusudiwa simu zisizozidi inchi 6. Skrini ya inchi 6.5 ya siku hizi ina upana wa karibu milimita 150. Video iliyogawanywa nusu kwa nusu inaweka katikati ya kila picha umbali wa milimita 75, wakati macho yako yana 63. Ili kuziunganisha, macho yangelazimika kutazama nje, kila moja upande wake, na macho hayakuumbwa hivyo. Wengine hulazimisha na kuishia na kichwa kuuma.

Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Cardboard hulirekebisha hili zenyewe, maana zinasoma vipimo vya miwani kwenye msimbo wa QR: toleo la kwanza milimita 60 kati ya lenzi na 42 hadi skrini, la pili 64 na 39. Ukiwa na lenzi za 25 kwa 45, skani msimbo wa toleo la kwanza. Kwa video za kawaida za nusu kwa nusu, ipunguze picha kwenye programu ya kuchezea video. Kisha pima kwa rula juu ya skrini: chagua kitu kilicho mbali kabisa kwenye picha, kilele cha mnazi kwa mfano, na upime umbali kati ya mnazi wa kushoto na wa kulia. Usizidi 63.

Picha ikiwa moja lakini imepishana juu na chini, simu imelala mshazari. Inyooshe. Mstari wa katikati wa skrini ukae juu ya ukuta wa kati.

Cha kutazama

Video za 360 za YouTube ndiyo mwanzo wa kawaida, kama programu yako bado ina alama ya miwani ya kuigawa picha mara mbili. Kumbuka kwamba video ya 720 ikizungushwa duara zima, unachokitazama ni kipande kidogo tu, kwa hiyo chagua ubora mkubwa kabisa, na pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Bando litaisha kabla hujamaliza kushangaa. Kwenye Android, kivinjari cha Chrome hufungua pia kurasa za VR zinazotumia WebXR, teknolojia ya kuonyesha VR ndani ya kivinjari.

Lakini ninachokipenda ni picha za kupiga mwenyewe, na hizi hazidai jairoskopu. Chagua kitu kisichotikisika: ngalawa zilizopwelewa, mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, meza ya chai. Simama, weka uzito kwenye mguu wa kushoto, piga picha. Hamishia uzito mguu wa kulia, simu isogee milimita 65 hivi bila kuigeuza, piga ya pili. Kanuni ya mkono ni sehemu moja ya thelathini ya umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi: kikiwa mita mbili, sogea sentimita 6 au 7. Ziunganishe kwenye programu yoyote ya kupanga picha, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, ukiacha weusi pembeni ili kipimo cha 63 kitimie. Ukizibadilisha nafasi utajua mara moja: tundu linatuna na pua inaingia ndani ya uso. Nilimpiga bibi hivi akichambua mchele. Alipochungulia alinyoosha mkono kuushika ungo.

Macho, jasho na jua

Kaa kwenye kiti, hasa kinachozunguka. Dakika 5 za kwanza zinatosha. Macho yanaona mwendo, masikio ya ndani yanasema umekaa, na tumbo ndilo linalolipa. Ukianza kutokwa jasho la baridi, vua hapo hapo. Usiweke mkanda wa kichwa. Hata Cardboard ya Google haikuwa nao, na mikono inayoshika boksi inakuzuia kugeuka kwa kasi. Watoto wadogo wachungulie kidogo tu, mkubwa akiwa karibu.

Ukingo unaogusa uso ufunike na selotepu pana ili ufutike kwa kitambaa chenye spiriti. Kadibodi tupu hunywa jasho la kila mtu na kulitunza. Wakati wa ugonjwa wa macho mekundu ulioenea Dar es Salaam Januari 2024, yangu sikumwazima mtu.

Na usiiache juani. Lenzi mbinuko haibagui. Ilivyokusanya mwanga wa mwembe ukutani ndivyo inavyokusanya jua, na kinacholengwa ni skrini ya simu. Mimi niliiacha dirishani asubuhi moja, bahati nzuri ikiwa haina simu. Adhuhuri nikakuta mstari wa kahawia umechorwa kwenye ukuta wa kati, mwembamba, umepinda kufuata safari ya jua. Siku hizi inalala kwenye mfuko mweusi ndani ya droo.